Baba mdogo aliliona neno ambalo halikuandikwa

"Marehemu alipenda kulima bustani, kuimba kwaya, na kufua vitambaa."

Baba mdogo alikuwa amesimama chini ya turubai, karatasi mkononi, kipaza sauti karibu na kidevu. Kwetu Muheza, ikifika saa ya kusoma wasifu wa marehemu, hatuulizani nani atasoma. Anasoma yeye. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu akiwa mwalimu mkuu, na sauti yake bado ina utulivu wa mtu aliyewasomea watoto imla miaka na miaka.

Shangazi, aliyekuwa ameketi mkekani mbele kabisa, aliinua kichwa. "Kufuma," alisema taratibu.

Baba mdogo aliitazama karatasi, akarudi nyuma kidogo, akasoma tena: "na kufuma vitambaa." Kisha akaendelea na majina ya watoto, wajukuu na vitukuu, bila kukosea hata moja. Nadhani waombolezaji wengi hawakugundua kitu. Bibi aliwafumia vitambaa vya makochi nusu ya watu wa mtaa ule, na jambo hilo lilikuwa limechapwa vizuri, herufi nyeusi kubwa kwenye karatasi nyeupe.

Jioni, watu walipopungua, nilikaa naye kwenye benchi nyuma ya nyumba. Sikumuuliza kitu. Alilianzisha mwenyewe.

"Mwanangu, pale sikukisia. Niliona 'kufua'. Niliiona kwa macho yangu."

Sentensi hiyo imenikalia kichwani kwa wiki kadhaa sasa.

## Mtoto wa darasa la pili asingekosea

Maelezo ya haraka yapo. Alikuwa na huzuni. Umri umekwenda. Macho yamechoka. Lakini hayatoshi, kwa sababu mtu huyohuyo alisoma ukurasa mzima wenye tarehe, majina ya kata na majina ya watu, na akajikwaa kwenye neno moja tu, neno analolijua tangu utoto.

Kilichonisumbua zaidi ni hiki. Mtoto wa darasa la pili anayeunganisha silabi, ku-fu-ma, asingekosea pale. Angechelewa, angetoa jasho, lakini angefika kwenye "kufuma". Aliyekosea ni msomaji bora kuliko wote tuliokuwa pale.

Kwa hiyo kosa lile halikutokana na upungufu wa ustadi. Lilitokana na ustadi wenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta wanaopima mambo haya wamekuta nini.

Jicho la msomaji halitelezi juu ya mstari kama tunavyodhani. Linatua, linakaa kidogo, linaruka. Kwa wasomaji wazoefu wa Kiingereza, ambao ndio waliopimwa zaidi, mtuo mmoja huchukua kama milisekunde 200 hadi 250, na mruko mmoja hupita herufi 7 hadi 9 hivi. Karibu theluthi moja ya maneno hayatuliwi na jicho kabisa, hasa yale mafupi. Ndani ya robo ya sekunde, neno moja inabidi litambuliwe kati ya makumi ya maelfu ambayo msomaji anayajua.

Mtoto anayeunganisha silabi hana haja ya kuchagua kati ya maelfu. Anajenga sauti moja baada ya nyingine. Msomaji stadi anachagua. Na mwenye kuchagua anaweza kuchagua la pembeni.

## Majirani wa neno

Mwaka 1977 mtafiti Max Coltheart na wenzake watatu walipendekeza kipimo ambacho kimetumika mpaka leo. Chukua neno. Badilisha herufi moja tu, nyingine zote zibaki mahali pake. Kila neno halisi unalopata ni jirani wa lile la kwanza. Hesabu majirani, utajua neno lako linaishi kwenye msongamano au liko peke yake.

Nilijaribu na "pika" bila kufungua kamusi: piga, pima, pita, paka, fika, wika, zika. Kiswahili kina irabu tano, silabi nyingi ni za konsonanti moja na irabu moja, na mizizi yetu mingi ni mifupi. Karibu kila kitenzi cha herufi nne kinaishi kwenye msongamano.

Nilifurahi kwa muda mfupi, kisha nikagundua kwamba kipimo hiki hakimhusu baba mdogo hata kidogo.

"Fuma" ina herufi nne na "fua" ina tatu. Kwa kanuni ya 1977 hawa si majirani.

Ningeweza kuishia hapo na kusema ilikuwa bahati mbaya. Lakini kanuni ile iliwekwa kwa ajili ya urahisi wa kuhesabu, na jicho halina sababu ya kuifuata. Mwaka 2009 Colin Davis, Manuel Perea na Joana Acha walilishughulikia swali hilohilo: je, neno linaloweza kugeuka kuwa jingine kwa kuongezwa au kupunguzwa herufi moja nalo linasumbuliwa? Walikuta linasumbuliwa. Maneno yenye jirani wa aina hiyo anayetumika zaidi yalichelewa kutambuliwa, yakiwa peke yake na hata ndani ya sentensi.

"Fuma" ina jirani wa aina hiyo, na jirani huyo yuko kwenye kila nyumba yenye beseni.

## Wanasaidia au wanazuia?

Nilidhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha, kwa sababu matokeo ya watafiti yenyewe yanagongana, na sikutaka kuchagua yale yanayonipendeza.

Coltheart na wenzake waliwaonyesha watu mfululizo wa herufi na kuwataka waamue haraka kama ni neno au si neno. Wingi wa majirani haukubadilisha kitu kwa maneno halisi. Ulibadilisha kwa yasiyo maneno: kadiri yalivyofanana na maneno mengi, ndivyo watu walivyochelewa kuyakataa.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1989, Sally Andrews wa Australia alionyesha kwamba majirani wengi wanasaidia. Maneno yasiyotumika sana, yakiwa na majirani wengi, yalitambuliwa haraka zaidi kuliko yale yenye wachache. Mwaka huohuo wa 1989, Jonathan Grainger na wenzake, wakitumia maneno ya Kifaransa, walionyesha kwamba jirani mmoja tu anayetumika zaidi kuliko neno lenyewe anatosha kulichelewesha.

Mwaka mmoja, majibu mawili yanayopingana.

Hapa nilikaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya jambo hili. Kama Andrews yuko sahihi, "kufuma" ilipaswa kunufaika na umati wa kufuga, kufuta, kufuka na kufuja. Kama Grainger yuko sahihi, ilizidiwa na mmoja mwenye nguvu. Je, wote wanaweza kuwa sahihi?

Kilichonitoa hapo ni mbinu moja ya maabara. Mtu anaonyeshwa alama zisizo na maana, kisha kwa muda mfupi sana, kama milisekunde 50 au 60, mfululizo wa herufi ambao hata hatambui kuwa ameuona. Mara moja linakuja neno la kuamulia. Juan Segui na Grainger walitumia njia hii mwaka 1990, na mwaka 2006 Colin Davis na Stephen Lupker wakaitumia kwa Kiingereza. Kile kinachotangulia kwa siri kikifanana na neno lakini chenyewe si neno, kinaliharakisha. Kikifanana nalo na chenyewe ni neno halisi, hasa linalotumika sana, kinalichelewesha.

Tuseme kwa mfano wetu. Ukitanguliza "kufuva", ambayo haipo, "kufuma" inapaswa kuja upesi. Ukitanguliza "kufuta", inapaswa kusitasita.

Kwa hiyo kuna vitu viwili vinavyotokea kwa pamoja. Herufi zinazofanana zinasaidia, kwa sababu zinaamsha kile kinachotafutwa. Maneno yanayofanana yanazuia, kwa sababu kila neno lililoamshwa linataka kushinda. James McClelland na David Rumelhart walikuwa wameuchora mfumo wa namna hii tangu 1981: herufi zinaamsha maneno yote yaliyo nazo, na maneno yaliyoamka yanagandamizana mpaka libaki moja. Mfumo wao, uliojaribiwa kwenye kompyuta, ulijua maneno 1,179 tu, yote ya herufi nne za Kiingereza. Mwanadamu anajua mengi kupita hayo, lakini ugomvi ni uleule.

Matokeo ya mwisho, kusaidiwa au kuzuiwa, yanategemea unapima nini. Ukimuuliza mtu "hili ni neno au si neno?", kelele za majirani wengi zinaweza kumtosha kujibu "ni neno" kabla hata hajajua ni lipi. Msomaji wa wasifu hana ruhusa hiyo. Kwake ni lazima liwe hili na si lile.

Alexander Pollatsek, Perea na Katherine Binder walilithibitisha mwaka 1999: wingi wa majirani uleule ulioharakisha jibu la ni-neno-au-si-neno ulipunguza kasi ya kusoma sentensi kimyakimya.

Nilipofika hapo niliacha kuwaona Andrews na Grainger kama mahasimu.

## Ndizi yenye jirani mpya

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni dogo. Mwaka 2005 Jeffrey Bowers, Colin Davis na Derek Hanley walichukua maneno ya Kiingereza ambayo hayana jirani hata mmoja. Mojawapo lilikuwa "banana". Wakawafundisha watu neno la kubuni, "banara", kwa kuwataka walichape tena na tena.

Baada ya hapo watu walichelewa kulishughulikia "banana". Siku iliyofuata walichelewa zaidi.

Fikiria maana yake. Wale watu walikuwa wameifahamu ndizi maisha yao yote. Neno lisilo na maana yoyote, walilojifunza kwa muda mfupi, likahamia kando ya ndizi na kuanza kuisumbua. Kamusi iliyo kichwani haina ukurasa uliofungwa. Kila neno jipya unalojifunza linabadilisha jinsi unavyosoma yale ya zamani.

## Kwa nini hakurudi

Bado kulikuwa na swali la "niliona". Kuchelewa kwa milisekunde chache si sawa na kuona kitu kingine.

Perea na Pollatsek walifuatilia macho mwaka 1998 na kukuta kwamba usumbufu wa jirani mwenye nguvu hujitokeza kwa kuchelewa. Msomaji anapita juu ya neno, anaendelea, halafu jicho linarudi nyuma. Anarudi kwa sababu alilichukua lile la pembeni, na maneno yanayofuata yakakataa kukubaliana naye. Mwaka 2009 Timothy Slattery akaongeza jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo: usumbufu huo unatokea pale jirani anapoingia vizuri kwenye muktadha uliotangulia. Kama maneno ya mwanzo yameshamfungia jirani mlango, hapenyi.

Sasa rudi kwenye ile karatasi. "Alipenda kulima bustani, kuimba kwaya, na ku-" kitu fulani "vitambaa". Hakuna kilichotangulia kinachomfungia mlango "kufua". Na kinachofuata, "vitambaa", kinampokea kwa mikono miwili. Vitambaa hufuliwa. Kama ingekuwa "kufuma sweta", huenda bado angekosea. Kama ingekuwa "kufuma kwa sindano", angerudi mwenyewe, bila shangazi.

Kwa hiyo namwamini baba mdogo. Kukisia ni kujaza pale ambapo hukuona. Yeye aliona herufi, herufi zikaamsha maneno mawili, moja likashinda, na lililoshinda ndilo linaloitwa "kuona". Hakuna dirisha la ndani ambamo angeweza kuchungulia na kuliona lile lililoshindwa.

## Kila kichwa na mpangilio wake

Lakini ipo hoja moja inayoelekea kunipinga, na nisingependa kuipita.

Mwaka 2010 Andrews, akiwa na Jolyn Hersch, aliwapima wasomaji wazuri kwa ile mbinu ya neno la siri, safari hii akipima pia tahajia zao, yaani uwezo wao wa kuandika maneno kwa usahihi. Ukiwachanganya wote, jirani hakuonekana kuleta tofauti kubwa. Ukiwatenganisha, picha mbili zinatokea. Walio dhaifu katika tahajia walisaidiwa na jirani. Walio mahiri walizuiwa. Kwa walio mahiri, neno lililotangulia lilitambuliwa kwa usahihi na upesi kiasi kwamba lilianza kuwagandamiza wenzake papo hapo.

Charles Perfetti ameitetea kwa miaka mingi hoja inayofanana na hiyo: ubora wa msomaji unategemea ubora wa kila neno alilohifadhi, yaani herufi zake, sauti yake na maana yake, vyote vikiwa kamili na vimefungamana.

Sasa, kama kuna mtu Muheza mwenye tahajia kamili, ni baba mdogo. Amesahihisha imla za watoto mpaka wengine ni wazee wenzake. Mtu wa namna hiyo si ndiye angepaswa kulichagua neno sahihi?

Nimelifikiria hili kwa muda, na jibu langu ni hili. Usahihi unayafanya maneno yote yawe makali, likiwemo lile la pembeni. Ugomvi kati ya maneno mawili makali unaamuliwa na lipi limekutana na jicho na mdomo wa mtu mara nyingi zaidi. Na hilo halimo kwenye kamusi. Limo kwenye maisha ya mtu. Baba mdogo ameishi miaka mingi mjane, anajifulia mwenyewe, na hajawahi kushika sindano ya kufumia. Shangazi aliketi na bibi barazani tangu msichana, nyuzi mapajani. Kwake "kufuma" ni neno la kila siku, na hakuhitaji hata kuiona karatasi.

Karatasi ni ileile, mpangilio wa majirani ni tofauti. Ndiyo maana naona si haki kumwambia mtu "hukusoma vizuri" pale aliposoma kwa kamusi ya maisha yake.

## Pale kosa linapoua

Kwenye mazishi kosa linasahihishwa kwa neno moja la shangazi. Kwingine sivyo.

Kuna dawa mbili za saratani zinazotokana na mmea mmoja wa asili ya Madagaska: vincristine na vinblastine. Majina yanaanza sawa, yanaishia sawa, na dozi zake hazikaribiani. Kumpa mgonjwa vincristine kwa kipimo cha vinblastine kunaweza kumuua. Wanaotibu watoto wenye saratani ya Burkitt katika ukanda wetu wanaijua vincristine vizuri.

Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaomba watengenezaji waandike majina kama hayo kwa kukuza zile herufi zinazotofautisha: vinCRIStine, vinBLAStine. Wazo ni zuri, na maabara ilipofuatilia macho ya watu, makosa yalipungua. Lakini uchunguzi wa miaka 9 katika hospitali 42 za watoto za Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, haukuona badiliko la maana baada ya herufi hizo kuanza kutumika.

Sishangai sana. Kukuza herufi kunalisaidia jicho, ila ugomvi wa maneno haumalizwi na jicho peke yake. Kinachomfungia jirani mlango ni muktadha unaotangulia, na kwenye dawa muktadha ni ugonjwa. Ndiyo maana ninaunga mkono kwa moyo wote wito wa wataalamu wa usalama wa dawa kwamba cheti kitaje dawa ni ya nini. Mfamasia aliyekwisha kusoma jina la ugonjwa anaifikia dawa akiwa na mlango mmoja tu ulio wazi.

## Lugha yetu, macho yetu

Wengi wenu mliuona ule ujumbe wa 2003 wa maneno ya Kiingereza yaliyovurugwa herufi za katikati na bado yanasomeka. Ulitembea dunia nzima ukidai kwamba mpangilio wa herufi za ndani si kitu. Haudai ukweli kamili. Mwaka 2007 Hadas Velan na Ram Frost waliwapima watu wanaosoma Kiingereza na Kiebrania. Kwa Kiingereza uvurugaji haukuwasumbua sana. Kwa Kiebrania, watu haohao walishindwa vibaya, kwa sababu katika lugha ile konsonanti chache za mzizi ndizo zinazobeba maana, na mpangilio wake ukiguswa mzizi unakuwa mwingine.

Lugha ndiyo inayoamua jicho lichunge nini. Yetu inataka lichunge nini?

Tazama "atakapokufumia". Herufi 14, na mzizi unaanzia ya 10. Wasomaji wa Kiingereza hupenda kutua kushoto kidogo kwa katikati ya neno, na jicho huona vizuri zaidi pale linapotua. Msomaji wa Kiswahili akitua hapohapo, anatua kwenye viambishi, vile ambavyo karibu kila kitenzi kinavyo, na herufi inayotofautisha fuma na fuga na futa iko mbali upande wa kulia. Kwenye kukanusha mambo yanageuka: "atafika" na "hatafika" hutofautiana kwa herufi ya kwanza kabisa. Lugha moja inalidai jicho miisho yote miwili.

Hayo bado ni madogo. Kilichonishtua, nilipoanza kuandika jozi za maneno kwenye daftari, ni wingi wa majirani walio kinyume kimaana.

Vaa, vua.

Tia, toa.

Funga, fungua. Panga, pangua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Ziba, zibua.

Kauli ya kutendua, ambayo tulifundishwa shuleni kama sura moja tu ya sarufi, inazalisha jirani wa kuongeza herufi moja na kumpa maana ya kinyume. Na hapa muktadha hauokoi. "Kufua" na "kufuma" vinaweza kutenganishwa na sindano. Lakini kila kinachofungwa kinafunguliwa. Kila kinachotiwa kinatolewa. Sentensi inayompokea mmoja inampokea mwenzake, na jicho halitapata sababu ya kurudi nyuma.

Nimeanza kuyatazama maelekezo yaliyobandikwa kwenye mitungi ya gesi, kwenye mashine za kusaga, kwenye milango ya wodi, kwa wasiwasi ambao sikuwa nao. Aliyeandika "Funga koki baada ya kutumia" amemwachia msomaji mwenye haraka tofauti ya herufi moja kati ya usalama na hatari. Kwa bahati lugha hiyohiyo ina dawa. Funga na fungua zimeachana kwa herufi moja, lakini "ifungwe" na "ifunguliwe" zimeachana kwa tatu, na urefu wake unaonekana hata kwa mbali. "Yatiwe" na "yatolewe" nazo zimepeana nafasi. Kwa hiyo "Koki ifungwe baada ya kutumia" ni maandishi salama zaidi, na hayana gharama.

Njia hiyo haifai kila mahali. Kwa viatu, "vivaliwe" na "vivuliwe" bado vinapishana kwa herufi moja ileile. Pale ni bora kuachana kabisa na kitenzi chenyewe, na kibao cha mlangoni kiandikwe: Acha viatu nje.